Upande wa Nyuma wa Hati ya Chiriku

Shule ya Biashara, Jengo la Pili,
Ofisi ya Ushirikiano wa Kimataifa, Chumba namba 14,
S.L.P. 318.

Jumatatu, 9 Septemba

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na yule mdogo wenu ambaye naambiwa sasa amekupita kimo na bado anakula kama yuko mashindanoni. Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniandikia kwamba wiki nzima ulitembea umeinama kwa sababu ulipandisha kompresa peke yako ghorofa tatu. Fundi wa majokofu mwenye miaka hamsini na miwili anabeba kompresa peke yake ili amwonyeshe nani? Kubali kusaidiwa, tafadhali.

Sisi huku hatujambo. Mama goti la kushoto linamsumbua asubuhi, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Daktari amempa mkongojo, naye anautumia kunyooshea watu zaidi kuliko kutembelea. Paa la jikoni tumeliziba na halivuji tena. Mimi mwenyewe nina afya, isipokuwa tangu Jumatano iliyopita chakula hakipiti vizuri, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenikata kauli kabla sijafika katikati, nawe unajijua.

Kaka, mwanao Chiriku hakufeli. Alifaulu, tena kuliko mwanafunzi yeyote tuliyewahi kumpeleka nje. Aliyekosea ni mimi. Nimeona niliandike hilo mapema, kwa sababu nikiendelea kuuliza habari za mgongo wako nitafika mwisho wa karatasi bila kulisema.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, na usiruke mistari.

Nilipoanza kazi hii tulikuwa na vyuo washirika vinne. Wanafunzi wetu wawili watatu walikwenda kusoma muhula mmoja huko, nao wakatuletea wawili watatu wa kwao, na matokeo yakija nilifanya kila kitu kwa mkono. Kabla ya kugeuza alama za chuo chochote ziwe alama za kwetu, niliwaandikia barua ya maswali: mnahesabuje, alama ya juu ni ipi, anayefeli anapata ngapi. Majibu yalichukua wiki tatu. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa watu wachache walijua hata kama ofisi yetu ipo.

Kisha akaja Mkuu mpya wa Shule. Wanafunzi wanamwita Bwana Saini, na jina limemkaa. Mwaka wake wa kwanza alisaini makubaliano na vyuo kumi na vitano, tukawa na kumi na tisa. Ukutani kwake kuna ramani kubwa yenye pini nyekundu, na mgeni haketi kabla hajaonyeshwa pini zote. Simsemi vibaya. Ni mchapakazi, na wako vijana ambao wasingeota kupanda ndege wamepanda kwa ajili yake. Ila barua yangu ya maswali aliiona ni mambo ya enzi za taipureta. Alitaka jedwali moja la kugeuzia alama za vyuo vyote. Nikamtengenezea kwa siku mbili, na aliponisifu mbele ya wenzangu nilitembea kichwa juu wiki nzima. Hakunishika mkono kwa nguvu, kaka. Niliandika mwenyewe, tena kwa furaha.

Hati za matokeo za Chiriku na wenzake wawili zilifika Machi, wiki ambayo wakaguzi walikuwa wanakuja kupitia mafaili yetu yote ya ushirikiano. Mashine yetu ya kuskani inasoma upande mmoja tu wa karatasi. Ukitaka upande wa pili, unageuza kwa mkono, moja moja. Zamani nilikuwa nageuza. Wiki ile nilikuwa na karatasi zaidi ya mia tatu, nikazipanga rundo na kuiacha mashine imeze. Hati zenyewe nikazifungia kwenye kabati la chuma, nikafanya kazi kwa kutazama kompyuta. Sasa chuo kile kinaeleza maana ya alama zake nyuma ya karatasi. Kwetu tano ndiyo ya juu na moja ni kufeli. Kwao ni kinyume: mwenye moja ndiye bingwa, mwenye tano ameanguka.

Umeshaelewa. Chiriku alikuwa na moja, moja nukta tatu, moja nukta tatu tena, na mbili. Jedwali langu likasema wastani wake uko chini ya mbili, na kanuni yetu inasema wa chini ya mbili anaondolewa masomoni. Mwenzake, kijana mmoja mpole, alikuwa na nne tatu na tano moja. Yaani kule masomo matatu aliponea tundu la sindano na la nne likamwangusha, lakini huku akawa mwanafunzi wa kuigwa. Picha yake iko kwenye bango la lango kuu, meta mbili kwa tatu, amekumbatia dunia ya plastiki. Wa tatu alikuwa na tatu tupu kila somo, na tatu ni tatu ukihesabu kutoka juu au kutoka chini, kwa hiyo yeye hakuguswa.

Najua utauliza kwa nini mtoto mwenyewe hakujua alama zake. Kule matokeo yalitoka wakiwa wamesharudi, na akaunti zao za chuo kile zilifungwa siku waliyorudisha funguo za vyumba. Alichopata ni karatasi yetu, ambayo haina tarakimu, ina neno moja tu: HAJAFAULU.

Alikuja Chumba namba 14 siku ile ile. Alisimama mbele ya meza yangu, hakulia, akasema, "Shangazi, haya hayawezi kuwa yangu. Naomba unionyeshe hati yenyewe." Kabati lilikuwa hatua tano kutoka kitini kwangu na ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwangu. Nikamjibu, "Hapa mimi si shangazi yako. Jaza fomu kama wenzako." Fomu ya kuomba kuona hati inachukua siku ishirini na moja. Muda wa kukata rufaa ni siku kumi na nne. Nilizijua hesabu hizo zote mbili.

Na ukweli ni kwamba wenzake sikuwahi kuwajazisha fomu. Mwanafunzi akija na wasiwasi, nilikuwa nafungua kabati, tunaangalia pamoja, anakwenda zake. Lakini huyu ni damu yangu, na niliogopa watu wasije wakasema nambeba mtoto wa kaka yangu. Nikamfanyia ugumu ambao nisingemfanyia mtoto wa jirani, halafu nikarudi nyumbani nikijiona mwadilifu. Hilo linanichoma kuliko habari ya mashine.

Kisha akakupigia wewe. Mama alimkuta amekaa kitandani na simu mkononi, akamsimulia. Alitaka umuunge mkono akate rufaa. Ulimwambia asiongeze aibu juu ya aibu. Basi hakukata rufaa, na siku kumi na nne zikapita.

Tangu hapo hujazungumza naye. Unatuma salamu kupitia kwangu, "msalimie na huyo," kama vile mtoto hana jina. Nasema hivi si kwa kukutupia lawama zangu, ninazo za kutosha kwangu mwenyewe. Lakini mimi ndiye ninayekaa naye. Tulimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza, hata usingizini. Sasa anajibu ndiyo na hapana. Amepata kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi linalotazamana na lango la chuo, anajalidi tasnifu za wenzake. Kila asubuhi napita mbele ya duka lile, naye ndani amevaa aproni ya kijani, na mimi natazama saa nikijifanya nimechelewa.

Jumatano iliyopita ikaja barua pepe kutoka kwa mratibu wa chuo kile, mama mmoja mtu mzima ambaye tumeandikiana miaka miwili bila kuonana. Ijumaa hii anakuja na wenzake watatu kusaini mpango mkubwa: mwanafunzi asome miaka miwili kwetu na miwili kwao, atoke na shahada mbili. Bwana Saini ameuhangaikia mpango huo hadi ameota mvi. Mama yule aliuliza habari za hoteli na projekta, kisha mwishoni akaandika kwamba angependa kumsalimia yule binti aliyeshika nafasi ya pili katika darasa la watu themanini, na akauliza kwa nini hajaomba nafasi waliyomwekea ya kurudi kusoma kwao.

Nilianza kumjibu kwamba amechanganya watu. Nilifika nusu ya sentensi. Ndipo nikasimama, nikafungua kabati, nikaitoa hati na kuigeuza. Nikakaa sakafuni pale pale na sketi yangu ya kazi, na mhudumu wa usafi alipoingia nilimwambia natafuta hereni.

Ijumaa nikampelekea Mkuu. Alisoma upande wa mbele, akasoma wa nyuma, akaenda kufunga mlango. Hakufoka, na afadhali angefoka. Aliniambia nisubiri. Wageni wameshakata tiketi, na chuo gani kitatoa shahada pamoja na watu wasiojua kusoma alama zake? "Miezi sita amengoja," akasema, "wiki mbili ndizo zitamshinda?" Wageni wakiondoka tutasahihisha kimya kimya, tutaandika kwamba ni hitilafu ya mfumo, na kijana wa bango tutamwacha alivyo.

Shida ni kalenda. Anayeweza kumrudisha mwanafunzi aliyeondolewa ni Baraza la Shule peke yake, tena baada ya kuelezwa sababu. Baraza linakaa Alhamisi hii. Kikao kingine ni Januari, na usajili wa mwaka wa tatu unafungwa tarehe 30 mwezi huu. Nikinyamaza Alhamisi, mwanao anapoteza mwaka mzima. Nikisema, mpango wa Ijumaa unaweza kuvunjika, na mkataba wangu wa kazi unakwisha Desemba, na wa kuuendeleza ni huyo huyo Bwana Saini. Mama anategemea dawa zinazotokana na kazi yangu. Nimelipima jambo hili upande huu na upande ule mpaka kichwa kinauma.

Chiriku sijamwambia. Naogopa kumpa matumaini halafu nimnyang'anye. Na hii barua siifungi mpaka nijue mwisho wake.

Alhamisi, 12 Septemba, alasiri

Kaka, nimesema.

Baraza ni watu kumi na mmoja na meza ndefu yenye mguu mmoja unaoyumba. Mimi si mjumbe, huitwa tu kusoma maelezo ya mikataba kisha nikatoka. Bwana Saini ndiye mwenyekiti, na tangu asubuhi alikuwa hanitazami. Nilisoma maelezo ya shahada mbili, na sauti niliyoisikia sikuitambua. Akauliza kama kuna swali. Hakuna. Akainua kalamu. Nikapiga moyo konde nikasema, "Mwenyekiti, kabla hamjapitisha, nina jambo kuhusu alama za chuo hiki."

Kalamu ilibaki hewani. Angeweza kuniambia nikae, na ningekaa. Alisema, "Endelea."

Niligawa nakala za hati zote tatu, mbele na nyuma, nikawaomba wazigeuze. Halafu nikaeleza kama nilivyokueleza wewe, bila kuruka kitu. Nilipotaja mashine ya kuskani mtu mmoja alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Msajili wetu ni mama mkavu tunayemwita Bi Kanuni. Yeye hakuuliza habari za mashine. Aliuliza mwanafunzi aliomba mara ngapi kuiona hati. Nikasema mara moja. Nilimjibu nini? Nikasema nilimwambia ajaze fomu.

"Wengine huwajazisha fomu?"

"Hapana."

"Kwa nini yeye?"

"Ni mtoto wa kaka yangu. Niliogopa maneno ya watu."

Aliandika muda mrefu. Sijui aliandika nini, majibu yangu yalikuwa mafupi. Nilisimama nimeshika mgongo wa kiti, nikitamani mtu yeyote anitukane ili yaishe. Ndipo Bwana Saini akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini, "Andika pia kwamba aliniambia tangu Ijumaa, nami nikamtaka asubiri." Hakulazimika kusema hivyo. Hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili, na mimi nilikuwa nimeamua kulimeza. Tangu leo nikisikia mtu anamcheka kwa zile pini zake, nitamnyamazisha.

Chiriku amerudishwa. Alama zake zote zinaingia zikiwa zimegeuzwa inavyopasa, na anajisajili mwaka wa tatu kuanzia Jumatatu. Wageni watakuja kesho lakini hawatasaini. Bwana Saini alimpigia simu mratibu wao mwenyewe, nikiwa nimekaa mbele yake, akamweleza yote. Wanataka kwanza tukae pamoja, tupitie alama za wanafunzi wote arobaini na mmoja waliokwenda vyuo vipya, na kila chuo kiandikiwe barua ya maswali. Baada ya hapo wataamua. Sijui kama watarudi kusaini, na hakuna anayejua.

Mimi nimetolewa ofisini hadi uchunguzi ukamilike. Ufunguo nimeuvua nikamkabidhi Bi Kanuni, naye akanipa karatasi ya kutia saini kwamba nimeukabidhi. Kuanzia wiki ijayo nitakaa dirisha la maulizo, niwaelekeze watu vyoo viko wapi. Desemba itajijua yenyewe.

Kijana wa bango nilikutana naye kwenye ngazi. Habari zilikuwa zimemfikia. Alinisalimia kwa adabu, akasema, "Mama, nilijua sifa zile si zangu. Nilidhani mnawaongezea alama wanaotoka nje, kama posho." Sikujua nicheke au nikae chini. Kwa kuwa kosa si lake hataondolewa, nadhani atarudia tu somo lile aliloanguka, na bango litashuka. Ananisikitisha, kwa sababu huyo naye ni mimi niliyempandisha.

Nimeacha la Chiriku mwisho kwa kuwa ndilo gumu.

Nilikwenda dukani kwake moja kwa moja kutoka barazani, na hati mkononi. Alikuwa anakata kingo za tasnifu kwa ile mashine ya mkono mrefu. Nilingoja mteja atoke. Nikaiweka hati juu ya kaunta, upande wa nyuma ukiwa juu, nikamwambia kila kitu. Alisoma nyuma, akageuza akasoma mbele, akageuza tena nyuma. Mkono wake ulikuwa na gundi na aliuweka mbali ili asiichafue karatasi. Nilimwambia nisamehe, na neno lilipotoka niliona lilivyo dogo.

Hakusema amenisamehe. Aliniuliza, "Siku ile uliponikatalia, uliamini kweli nimefeli?"

Ningeweza kumwambia kwamba nilikuwa na mashaka. Ningekuwa namdanganya, na nimeshamkosea vya kutosha. Nikamjibu, "Niliamini."

Akaitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye mashine, akamaliza kukata kingo za kitabu kile, akakipanga na vingine. Kisha akauliza kama wewe unajua. Nikamwambia barua nimeiandika nusu. Akafikiri, akasema, "Usiitume bado. Jumamosi natimiza miaka ishirini na miwili. Nataka nione kama baba atanipigia akiwa bado anaamini nimefeli."

Nikamuuliza, na asipopiga?

"Utaituma Jumapili. Na nitakuwa nimejua."

Basi barua iko kwenye droo na mimi nimefungwa mdomo. Kaka, baraza lile lilikuwa mchezo ukilinganisha na hili. Ningeweza kukutumia ujumbe wa maneno matatu, kukukumbusha tarehe tu, na yeye asingejua. Nimeshika simu mara mbili. Nimeiweka chini mara mbili, kwa sababu nilishawahi kuamua jambo juu ya mtoto huyu bila kumsikiliza, na umeona lilikotufikisha. Mungu akukumbushe yeye mwenyewe.

Jumapili, 15 Septemba

Jana aliamka alfajiri akafua nguo zote, hata zile safi. Simu aliiweka kwenye dirisha la jikoni, mahali penye mtandao mzuri, na kila alipopita na ndoo aliitupia jicho. Saa tatu ikalia. Ilikuwa kampuni ya simu inamtangazia ofa. Saa tano ikalia, ni bosi wake wa dukani. Mama, ambaye hakuambiwa lolote lakini hafichwi kitu, alimwita mara nne kumpaka dawa goti, ili asikae na mawazo. Goti liling'aa kama kiatu.

Saa saba tukala. Saa nane aliiondoa simu dirishani, akaitia mfukoni, akasema anakwenda kuanua nguo. Nilimtazama mgongo tu. Nilikukasirikia wakati ule, kaka, sikufichi, na nilikaa mezani nikitunga maneno ambayo ningeyaongeza katika barua hii.

Akiwa uani na nguo begani, simu ikalia, na ilikuwa wewe.

Sikusogea karibu. Niliosha sufuria moja mpaka Mama akaniuliza kama nataka kuitoboa. Najua tu aliyonisimulia baadaye, nayo ni machache. Kwamba ulikohoa kwanza, ukamuuliza kama anakula. Kwamba ulisema tangu Machi unalitafuta jina lake kwenye simu halafu unaizima. Kwamba hukuuliza lolote kuhusu chuo, na alipotaka kulitaja ulimwambia liache, asiporudi darasani maisha yake yote yeye bado ni mwanao, na kwamba uliyomwambia siku ile yanakunyima usingizi. Hakukwambia chochote kuhusu hati. Aling'ata ulimi dakika tisa nzima, yeye, Chiriku.

Aliingia jikoni macho mekundu, nguo zote ameziangusha uani, akaniambia, "Sasa itume."

Kwa hiyo naituma. Nilitaka kuyafuta yale makali niliyokuandikia Jumatatu, yeye akasema yaache, baba anayaweza. Wewe umemrudia ukiwa bado unaamini ameshindwa. Mimi nilikwenda kwake nikiwa na alama mkononi, na siku nyingine ya kwenda bila alama sitapewa. Ananisalimia vizuri, anakula nilichopika. Nitangoja, na sitamharakisha.

Mpe wifi mkono wangu na umwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata. Mdogo wenu mwambie dada yake anaanza mwaka wa tatu kesho, amwandikie. Mama anawasalimu nyote na anawaombea asubuhi na jioni, na goti lake ni shahidi kwamba anapiga magoti. Mungu akulinde huko ugenini na akurudishe kwetu ukiwa umenyooka mgongo.

Ni mimi dada yako mdogo akupendaye, hata utakaponikasirikia ukimaliza kusoma haya,

Kijembe